Shajara ya mradi: ng'ombe, ningu na kijito cha nyumbani

Septemba, wiki ya kwanza

Naanza kuandika kwa sababu mwaka jana sikuandika kitu na nikajuta. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua ya kwanza imepiga usiku, asubuhi watoto wakaja mbio nyumbani wanapiga kelele eti samaki wanaokotwa mtoni kama maembe. Nikashuka nikakuta kweli, ningu wamelala ubavu kwenye tope, furu wadogo wamezagaa pembeni, kina mama na mabeseni yao, na ilipofika saa nne kila mtu ana maelezo yake. Huyu anasema kuna mtu kaweka sumu, yule anasema radi, mzee mmoja akasema mto umechukia. Mi niliyesomea uvuvi pale Nyegezi nimesimama na kandambili mkononi sina cha kusema, sina kipimo, sina hata chupa ya kuchukulia maji. Nikapiga picha tatu basi.

Kwa hiyo mwaka huu nataka niwe pale kabla ya mvua. Swali langu ni moja tu, nini kinaua samaki kwenye kijito chetu na kinatokea wapi.

Kijito sitakitaja jina, nimeahidi wazee. Ni Magu, kinashuka kutoka kwenye vilima vya mawe kinaingia Ghuba ya Speke, ukikifuata kwa miguu kutoka juu mpaka ziwani ni kama masaa matatu hivi ukiwa hupigi stori. Wazee hawataki siku moja aje mtu na faini kwa sababu kuna kijana aliandika mambo ya kijiji kwenye simu, na mi nawaelewa. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka mto au ziwa usifanye shughuli ya kudumu, na kijiji kizima kina majaruba ya mpunga ndani ya hizo 60, yangu ikiwemo.

Septemba, wiki ya pili

Tumetembea mto wote, mi na dogo wa mjomba, yeye anabeba panga na michembe (viazi vikavu vya kutafuna njiani) mi nabeba daftari. Gambuti lazima jamani, Kanda ya Ziwa yote hii kichocho kipo na konokono wake wanapenda sana maji yaliyotulia ya kiangazi. Dogo hakuwa na gambuti akabaki anatembea juu ya kingo, na kumbe ndio ilisaidia maana yeye ndiye aliyekuwa anaona njia za ng'ombe.

Tumehesabu sehemu 7 ambapo mifugo inashuka kunywa. Saba tu kwa mto wote. Zamani walikuwa wanashuka popote, sasa hivi kila kipande kina jaruba la mpunga au bustani ya nyanya, kwa hiyo makundi yote yanabanwa kwenye hizo njia saba. Na kiangazi mto unakatika, unabaki madimbwi, na madimbwi yenye maji ya kutosha mwezi huu ni matano. Yaani ng'ombe wa vitongoji vinne wanakunywa kwenye madimbwi matano kuanzia mpunga unapovunwa mpaka mvua irudi.

Nimekaa dimbwi la tatu asubuhi nzima nikiangalia. Ng'ombe anafika, anaingia mpaka magotini, anakunywa, halafu akishashiba maji anasimama tu, mkia unapepea, na hapo ndipo anapoinua mkia kwa kazi nyingine. Kila mchungaji anajua hii, ng'ombe akikanyaga maji anajisaidia. Ng'ombe wetu wa kienyeji mmoja anatoa kilo kumi na kitu za mavi kwa siku, sio zote zinadondokea mtoni ila hata robo ya hizo zidisha kwa mamia ya ng'ombe mara siku mia na kitu uone. (Najua kwenye ripoti wanaandika kinyesi, ila nikisema kinyesi pale kijijini wanadhani naongelea choo cha shule.)

Chini ya dimbwi kuna tope jeusi. Nimezamisha fimbo ikaingia mpaka kiwiko, nikichomoa inanuka yai bovu. Hiyo harufu nimeizungushia duara kwenye daftari.

Septemba, wiki ya tatu

Vifaa vimefika. Kimashine cha kupimia oksijeni nimeagiza kwa hela ya kuuza mbuzi wawili, karatasi za pH za kupimia kama maji yana asidi au yana magadi, na bomba la plastiki linaloonyesha ambalo chini yake nimechora msalaba mweusi, unamimina maji mpaka msalaba upotee unasoma sentimita. Hilo la mwisho halijanigharimu kitu na ndilo linalowavutia watu kuliko yote, watoto wanabishana nani anauona msalaba bado.

Kimashine kimenitesa. Maelekezo yanasema ukikisafisha ukakiacha kwenye hewa yenye unyevu, joto 25, kisome 8.3. Kikasoma 8.3 safi kabisa nikafurahi, nikapima karibu wiki nzima. Siku ya sita usingizini nikakumbuka, sisi huku tuko juu! Ziwa lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, maji ya joto hilo hayawezi kushika zaidi ya miligramu 7.2 hivi kwa lita. Kimashine hakina sehemu ya kukiambia uko mwinuko gani, kinajua Dar tu. Kwa hiyo namba zangu zote zilikuwa zimezidi, nikarudi kwenye daftari nikazidisha moja moja kwa 0.87. Mke wangu akaniuliza saa saba za usiku unapiga hesabu ya deni gani.

Ila hiyo 7.2 ni ya kukumbuka. Kwetu hata maji safi kabisa hayana akiba kubwa ya oksijeni, joto linapunguza, mwinuko unapunguza, ndo uje uweke mavi juu yake. Samaki wengi wako vizuri kuanzia 5 kwenda juu. Chini ya 2 wengi wanahangaika.

Oktoba, wiki ya kwanza

Hii wiki nimejifunza kuamka. Nilikuwa napima saa tano asubuhi baada ya chai kama mtu wa ofisi, na dimbwi la tatu likawa linanipa namba nzuri kuliko yote, nzuri mpaka nikaanza kuona aibu kuwalaumu ng'ombe. Maji yenyewe ya kijani kama mlenda. Mwenzangu tuliyesoma naye, yuko Ilemela, nikamtumia namba wasap akanijibu neno moja: alfajiri.

Nikaenda saa kumi na moja alfajiri na tochi. Dimbwi lilelile, mchana linasoma zaidi ya 7, alfajiri halifiki 2.

Maelezo ni haya. Mavi na mkojo ni mbolea, ile mwani ya kijani inaneemeka, mchana jua likiwepo inatengeneza oksijeni mpaka inazidi, usiku jua hakuna na yenyewe inapumua kama sisi, na tope nalo linakula, kwa hiyo ikifika alfajiri maji yamekauka oksijeni kabisa. Ukipima saa tano umepima uongo. Sato wadogo walikuwa juu kabisa midomo wazi, wanagusa ile ngozi ya maji, jua lilipotoka wakashuka kama hakuna kilichotokea.

Na kuna jambo la pili la mchana ambalo sikulitegemea. Mwani ikifanya kazi sana pH inapanda, pale saa tisa karatasi ilinionyesha karibu 9. Mkojo wa ng'ombe unaleta amonia, na amonia ina sura mbili, ya upole na ya kali, ya kali ndiyo inayochoma mashavu ya samaki. pH ikiwa 7 ile kali haifiki hata asilimia 1, pH ikifika 9 kwenye joto la 25 inakuwa kama theluthi. Yaani samaki wa dimbwi lile usiku anakosa hewa, mchana anaunguzwa.

Oktoba, wiki ya tatu

Mkutano chini ya mwembe. Niliharibu.

Nilifika na karatasi nimechora na mstari, nikaamkia mwangaluka vizuri kwa Kisukuma, halafu nikafungua na maneno haya, wazee wangu ng'ombe wetu wanaua samaki. Kukawa kimya halafu mtu wa nyuma akasema "kama Mto Mara?" na wote wakaangua kicheko, na mi nilijua kabisa wanachokicheka. Machi 2022 maji ya Mto Mara kule chini karibu na daraja la Kirumi yaligeuka meusi samaki wakafa, kamati ya serikali ikaja na jibu la kinyesi na mkojo wa mifugo na mimea iliyooza, na watu mitandaoni walicheka mpaka basi, wengi hawakuamini, kila mtu alikuwa anaangalia upande wa migodi. Tangu hapo ukisema mavi yanaua samaki huku Kanda ya Ziwa wewe ni mchekeshaji.

Halafu mzee mmoja, ambaye ndiye mwenye ng'ombe wengi pale juu, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, babu yako alikuwa na ng'ombe mia tatu na samaki tulikula mpaka tukachoka. Mimi leo nina arobaini na samaki wanakufa. Sasa nani ameua?"

Sikuwa na jibu. Nilitamani mwembe uniangukie.

Na nikajaribu kujiokoa kwa kuwaambia habari za viboko, kwamba huohuo Mto Mara upande wa Kenya kuna viboko zaidi ya 4,000 na watafiti wameonyesha wazi, utafiti ulitoka 2018, kwamba mavi ya viboko yanatuama kwenye vidimbwi, mto ukijaa ghafla yanazolewa yote, oksijeni inaisha samaki wanakufa. Mzee akauliza, "Kiboko naye utamjengea choo?" Mkutano ukaishia hapo.

Nimelala na lile swali la mia tatu na arobaini siku nne. Jibu nimelipata kwa mama mmoja mzee anayesuka mikeka, nilimkuta anachagua mafunjo karibu na mdomo wa mto. Akanionyesha kwa mkono, zamani mafunjo yalianzia hapa mpaka kule kwenye mti ule, sasa hivi yamebaki kama nyusi. Mengine yote ni mpunga. Zamani mavi ya juu yalikuwa yanapita kwenye mafunjo, tope linakaa, mizizi inakula, maji yanatoka taratibu. Na ng'ombe mia tatu wa babu walikuwa na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, na mbuga nzima ya kutawanyika na walikuwa wanakunywa popote, wala hawakurundikwa njia saba. Ng'ombe arobaini wa yule mzee, ukijumlisha na kumi za huyu na ishirini za yule, wote kwenye matundu saba, bila chujio chini.

Nilimfuata mzee nyumbani kwake kumpa jibu, peke yangu, bila karatasi. Alinisikiliza, akasema tungoje mvua tuone.

Novemba

Mvua imekuja. Naandika huku mikono inanuka.

Imeanza saa nane usiku, kubwa, ya upepo. Nikamwamsha dogo tukashuka dimbwi la tatu na tochi mbili na kimashine nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mwanzoni maji hayakubadilika, kama nusu saa hivi, mpaka nikaanza kufikiri labda mwaka huu hakuna. Halafu tukasikia mto kabla hatujauona. Ulikuja na povu mbele, rangi ya chai ya rangi iliyochemshwa mpaka ikasahaulika jikoni, na ile harufu ya yai bovu sasa ilikuwa kila mahali. Kilichokuja sio mavi mapya ya juu peke yake, ni lile tope la miezi mitano limenyanyuliwa lote kwa mara moja kutoka kila dimbwi, na lile tope likikutana na maji yenye oksijeni linainyonya hapohapo.

Kimashine kilikuwa kinasoma 4 na kitu kabla povu halijafika. Baada ya dakika kumi 1.6. Baada ya nusu saa 0.4, nikafikiri kimeharibika nikakitoa hewani kikapanda, nikakirudisha kikashuka. pH ilikuwa 7, maji ya mvua yameishusha, kwa hiyo amonia nikaiondoa kwenye watuhumiwa, usiku ule ilikuwa ni kukosa hewa tu.

Kwa wasiojua hizi hesabu za maji machafu, kuna kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu wataila wakati wanaozesha uchafu. Maji taka ya majumbani yanadai miligramu mia chache kwa lita. Mavi ya ng'ombe ya majimaji yanadai zaidi ya 10,000. Na mto una 7 tu za kutoa, ukiwa na bahati.

Kulipokucha ndipo niliona kinachoniuma. Ningu. Ningu anakaa ziwani na kwenye midomo ya mito, na mvua zinapoanza anapanda mtoni kutaga, ndio desturi yake. Anachofuata ni hayohayo maji mapya. Kwa hiyo lile povu jeusi linashuka na yeye anapanda, wanakutana katikati. Niliwaona wakiwa wamejaa mayai, matumbo yamevimba, wanageuka ubavu, wengine wamegeuza wanakimbilia ziwani, sijui waliofika ni wangapi. Mama mmoja alipasua mmoja pale pale mayai yakamwagika mkononi akasema masikini.

Ila kuna kitu nilikuwa nakitafuta na nilikiona. Kambale walikuwa hai. Wako juu wanagugumia hewa, wakali kabisa, dogo alimshika mmoja akamponyoka. Kamongo naye yupo, kachomoza pua karudi chini. Hawa wawili wanaweza kuvuta hewa ya juu kama sisi, maji yakikosa oksijeni wao hawajali sana. Na kaa wa mtoni walikuwa wamepanda kwenye mawe nje ya maji, hai. Ingekuwa sumu ya dawa ya wadudu kambale asingepona, na kaa ndio wangetangulia. Nilimwita yule mzee aje aangalie kwa macho yake, nikamwonyesha ningu wamekufa na kambale wanacheza maji yaleyale. Alisimama muda mrefu. Akasema, "Basi sumu hakuna." Hakusema zaidi na mi sikumsukuma.

Kina mama waliniuliza kama samaki wanalika. Nikawaambia waliokufa kwa kukosa hewa hawana sumu, tatizo ni walikaa muda gani kwenye maji ya mavi, ukimkuta mashavu mekundu na jicho angavu msafishe umkaange hasa, aliyelegea mwache.

Desemba

Naandika kwa hasira kidogo.

Jumanne dogo alinipigia, samaki wamekufa tena. Nikajua ni yaleyale, mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, nikafika nimeshaandaa maelezo kichwani. Kimashine kikasoma 5.3. Nikakitikisa, 5.3. Maji yenyewe hayana rangi mbaya, msalaba wa kwenye bomba unaonekana vizuri. Halafu nikaangalia chini. Kaa wamekufa wamelala chali, wale wadudu wa kereng'ende wanaoishi chini ya mawe wamekufa, na kambale, yule yule shujaa wa mwezi uliopita, amekufa.

Nilirudi nyuma taratibu kufuata mto juu, niligeuza jiwe kila hatua ishirini. Wadudu wamekufa, wamekufa, wamekufa, halafu nikavuka kamfereji kadogo kanakoingia kutoka kulia, nikageuza jiwe la juu yake, wadudu wazima wanatembea. Nikafuata kamfereji. Kanatoka kwenye josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe.

Kumbe walikuwa wamekausha josho ili waweke dawa mpya, na maji ya zamani wakayamwaga kwenye mfereji kama walivyozoea. Dawa nyingi za kupe siku hizi ni za kundi la pairethroidi, ambazo ni za upole kwa ng'ombe na kwa mtu ukilinganisha na za zamani, ndio maana zinapendwa, lakini kwa samaki ni balaa, kiasi kidogo sana kinatosha, na kwa kaa na wadudu wa maji ndio usiseme maana kupe mwenyewe ni wa ukoo wao. Siku hiyo nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wa leo msile. Nyumba mbili walikuwa wameshakula, wako salama, ila sikulala.

Hasira yangu ni kwangu mwenyewe. Miezi mitatu niko bize na mavi, josho nimepita mbele yake labda mara hamsini, kwenye ramani yangu nimeliandika "josho" kama alama ya kuonyesha njia.

Kamati ya josho tulikaa nao jioni hiyohiyo, watu waungwana tu, hawakujua. Tumekubaliana shimo la kumwagia lichimbwe upande wa pili wa kilima, mbali na mto na mbali na kisima. Limechimbwa ndani ya wiki moja. Mambo ya mavi nimebembeleza tangu Oktoba, josho wiki moja, kwa sababu dawa kila mtu anaamini ni sumu, imeandikwa fuvu kwenye chupa. Mavi hayana fuvu.

Januari

Birika la kunyweshea ng'ombe nje ya mto limekamilika. Mzee alikubali baada ya sikukuu, kwa masharti kwamba tukishindwa tusimlaumu na likifanikiwa tusiseme ni la kwake.

Tumelijenga pale kwenye dimbwi la tatu, kama hatua themanini kutoka mtoni, kwenye sehemu ngumu yenye kokoto ili ng'ombe wasitengeneze bwawa jingine la tope. Matofali, saruji, nondo chache. Maji yanatoka kisima kifupi tulichochimba kwenye mchanga wa pembeni ya mto, yanavutwa kwa pampu ya kukanyaga na miguu, na hapo ndipo ugomvi ulipo, nani akanyage. Vijana wa kuchunga wamejipangia zamu halafu hawazifuati. Siku mbili za kwanza ng'ombe walilipita birika wakaenda kwenye dimbwi lao kama kawaida, wanatuangalia kama wajinga. Tukaweka miba kwenye njia. Siku ya nne yule ng'ombe dume mwekundu alisimama akanusa, akanywa, na wengine wakapanga foleni. Sasa wachungaji wenyewe wanasema maji ya birika ng'ombe anakunywa haraka na hahari kama kwa yale ya tope, na kwato za ndama hazinasi.

Mavi ya pale kwenye birika ni habari nyingine. Yanakauka juu ya kokoto na kuna mama mwenye bustani ya nyanya anakuja na toroli kila jioni. Wiki ya tatu wakawa wawili, na sasa kuna maneno.

Njia ya zamani tumeifunga kwa minyaa. Mbuzi hawali minyaa kirahisi ila wanakula kila kitu tulichopanda katikati yake. Mafunjo tumepanda vipande kama sitini hapo chini, yaliyoshika nimehesabu juzi, 23. Mengine kiboko alikanyaga usiku mmoja, nyayo hizi hapa kubwa kama sinia. Nilimtumia mzee picha, akanijibu kwa sauti, anacheka tu mpaka ujumbe ukaisha.

Februari

Hakuna kipya sana. Jua. Kimashine ngozi yake ya mbele imechanika, nimeagiza nyingine, bei ni kama mbuzi nusu. Dimbwi la tatu alfajiri linasoma 3 na kitu, Oktoba halikufika 2, lakini Oktoba ilikuwa mwisho wa kiangazi kirefu na sasa ni ukame mfupi tu wa katikati, kwa hiyo sio ulinganisho wa haki na sitaki mtu aubebe hivyo. La haki ni kulinganisha na dimbwi la pili, ambalo liko juu kidogo na halina birika. Dimbwi la pili alfajiri ileile: 1.7.

Machi

Masika imefungua jana usiku. Nilikuwa na wasiwasi mpaka tumbo likauma.

Povu lilikuja, jepesi kuliko la Novemba, na lazima liwe jepesi maana mavi ya kurundikana ni ya miezi miwili sio mitano. Dimbwi la pili kimashine kilishuka mpaka 1.1 na furu walikuwa juu wanahema, kadhaa wamekufa. La tatu lilipokea maji yaleyale kutoka juu, likashuka mpaka 2.6 halafu baada ya saa moja likaanza kupanda, kwa sababu chini yake hakukuwa na lile tope la kunyanyuka. Fimbo ya Septemba nimeizamisha tena sehemu ileile, imeingia nusu ya kiganja ikagonga mchanga.

Ningu nimewaona wakipita dimbwi la tatu, sio wengi, migongo tu kwenye mwanga wa tochi, wakasimama chini ya la pili wakazunguka hapo. Dogo amekaa nao mpaka asubuhi kuwafukuza wenye migono, ile mitego ya samaki.

Saa tatu amekuja mtu wa dimbwi la pili, hatujawahi kuongea vizuri tangu ule mkutano maana yeye ndiye aliyesema "kama Mto Mara". Hakuuliza habari za samaki. Ameuliza saruji ilikwenda mifuko mingapi na je kama pampu itakuwa ya sola badala ya miguu. Nimemwambia mifuko kumi na moja, miwili ilipotea kwenye sakafu kwa sababu fundi alikuwa mimi. Kesho tunaenda kupima na futi kamba.